Siku ya tatu haikufika

*Neno la Kiingereza 'native' liliingia katika magazeti ya Unguja ya zama za siasa na kuyabana maneno yetu mawili ya kale, mwenyeji na mgeni. Gharama yake bado tunailipa.*

Mwaka 1957, Zanzibar ikijiandaa kupiga kura yake ya kwanza, jina la Abeid Amani Karume liliwekewa pingamizi. Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Hizbu (ZNP) na kalamu kubwa ya gazeti la Mwongozi, alidai kuwa Karume hakuzaliwa Zanzibar, kwa hiyo si raia wa Sultani na hana haki ya kura. Shauri likafika mahakamani. Hapakuwa na ubishi kwamba Karume alikuwa mkaazi wa Unguja. Bandarini nani asiyemjua, baharia wa zamani aliyeongoza umoja wa wenye motaboti za kuchukulia abiria wa meli? Hapakuwa na ubishi kuhusu lugha yake, dini yake wala kazi yake. Kilichobishaniwa ni jambo moja tu: amezaliwa wapi? Pingamizi lilishindwa. Karume akagombea jimbo la Ng'ambo, na Julai mwaka huo akamshinda Ali Muhsin mwenyewe.

Leo tunaliona swali hilo kuwa la kawaida, kana kwamba Waunguja wamekuwa wakiulizana hivyo tangu mtawala wa kale, Mwinyi Mkuu, yuko Dunga. Historia inaonyesha vingine. Nasaba ziliulizwa, kabila liliulizwa, ukoo uliulizwa sana. Lakini kuzaliwa mahali fulani kuwe ndiyo mizani ya kuamua nani ana haki na nchi na nani hana, hilo lilikuja na neno, na neno lilikuja na serikali ya himaya. Magazeti yetu ya kuanzia miaka ya 1930 hadi 1963 yakalichukua, yakalitafsiri, na hayakuupima uzito wake. Walioyaandika walikuwa watu wa elimu na wenye mapenzi ya kweli na visiwa hivi, na ndiyo maana inafaa tuwasome kwa makini badala ya kuwashutumu tu.

Neno dogo, mizigo mitatu

Kwa Mwingereza aliye kwao, 'native' ni neno jepesi. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtu aliyezaliwa mahali. Gazeti la Uingereza liliweza kumwita mchezaji wa kriketi 'native' wa Yorkshire na mchezaji akafurahi. Lakini neno hilo lilipovuka bahari na kuingia katika sheria za makoloni, lilibeba mizigo mitatu kwa pamoja: mahali pa kuzaliwa, damu ya mtu, na daraja lake mbele ya serikali. Katika sheria za Tanganyika, 'native' alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika, na Waswahili na Wasomali wakatajwa waziwazi kuwa ni miongoni mwao. Afrika Kusini ilipitisha mwaka 1913 sheria ya ardhi yenye neno hilo katika jina lake, na 'native' akawa mtu asiyeruhusiwa kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi aliyozaliwa. Mtu wa kuzaliwa ndiye aliyenyimwa pa kuishi. Hapo neno lilikuwa limekwisha kuiacha maana yake ya Kilatini.

Zanzibar ilikuwa na mtihani wake. Ilikuwa nchi ya himaya ya Uingereza tangu 1890, lakini Sultani wake alikuwa wa asili ya Oman, na wakuu wa Kiingereza waliitazama kama dola ya Kiarabu. Sasa Mwarabu aliyezaliwa Malindi ya Unguja, na babu yake akazaliwa Malindi, awekwe wapi? Kwa Kiingereza cha Yorkshire ni 'native' bila shaka. Kwa Kiingereza cha Tanganyika siye, kwa sababu damu yake ina bahari ndani yake. Na Mnyamwezi aliyefika Unguja kuchuma karafuu mwaka jana? Kwa Kiingereza cha kwanza ni mgeni, kwa cha pili ni 'native' kamili. Neno moja lilitoa majibu mawili yanayopingana, na kila upande wa siasa ulikuja kulichagua jibu lililoufaa.

Maneno tuliyokuwa nayo

Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno hata kikahitaji kuazima mizani hii. Tafsiri iliyo karibu zaidi na 'native' kwa maana ya aliyezaliwa papa hapa ni mzalia. Lakini katika Unguja ya karne ya 19, mzalia alikuwa mtoto wa watumwa aliyezaliwa pwani, aliyetofautishwa na mateka aliyeletwa majuzi kutoka bara. Neno lilikuwa na kovu, na hakuna mwandishi wa gazeti ambaye angemwita msomaji wake hivyo akabaki na msomaji. Kwa hiyo mzigo wa 'native' ukatwikwa neno jingine, mwenyeji.

Mwenyeji ni mwenye mji. Litazame neno lenyewe: halitaji damu, halitaji kuzaliwa, linataja uhusiano wa mtu na mahali anapokaa na anapopatunza. Mwenzake ni mgeni, na mgeni kwa Kiswahili ana muda. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huchekwa siku hizi kama maneno ya mwenye nyumba aliyechoka kulisha watu, lakini ndani yake mna kanuni nzima ya uraia. Ugeni unakwisha. Anayeshika jembe siku ya tatu ameacha kuhesabiwa mgeni, kwa sababu analima pamoja na wenzake. Wala mgeni si balaa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanuni ya 'native' haina siku ya tatu. Aliyezaliwa kwingine, au ambaye babu yake alizaliwa kwingine, atabaki kwingine hata akilima miaka mia.

> Ugeni kwa Kiswahili una mwisho. Kanuni ya 'native' haina siku ya tatu.

Ushahidi mkubwa wa kanuni ya zamani uko kusini ya kisiwa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na watu wa pande zile kwa vizazi vingi wamejieleza kuwa Washirazi, wazao wa waliotoka Uajemi. Wanahistoria wanabishana kuhusu safari hiyo ya Shirazi, na wana haki. Lakini hebu tutazame jinsi madai yenyewe yalivyofanya kazi. Watu walisimulia kwa fahari kwamba wametoka ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyewaambia kwamba kwa hiyo wao ni wageni. Kutoka kwingine na kuwa wa hapa vilikaa pamoja katika kauli moja bila kugombana.

Patakuwa na atakayejibu kwamba tunaipamba Unguja ya kale, na jibu hilo lina nguvu. Pwani yetu ilikuwa na waungwana na washenzi, mabwana na watwana; utumwa haukufutwa kisheria hadi 1897, na tusi la mshenzi liliwaumiza watu wengi waliotoka bara. Hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini ngazi ile, pamoja na ukatili wake, ilipandika. Aliyeitwa mshenzi alizaa mzalia, na mjukuu wake akavaa kanzu na kuketi barazani. Hata hesabu za serikali zinashuhudia. Sensa ya 1924 iliwaandika zaidi ya watu 30,000 kuwa Waswahili, jina ambalo wakati ule wengi wa wazao wa watumwa walikuwa wamelishika. Sensa ya 1931 iliwakuta kiasi cha 2,000 tu. Maradhi hayakuwaua, wala hawakuhama. Walijiandikisha kwa majina mengine, na Washirazi na Waarabu wakaongezeka. Watu walikuwa bado wanapanda ngazi, huku karani wa Kiingereza akidhani anahesabu damu.

Kutoka mgao hadi kura

Kwa nini basi watu walilikimbia kundi la chini wakati ule, na zaidi ya miaka 20 baadaye kila chama kikapigania kuitwa mwenyeji halisi? Jibu liko katika kile ambacho serikali ilikuwa inagawa. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa inagawa daraja. Vita Kuu ya Pili ilipofika, mgao wa vyakula ulifuata makundi ya asili, na kundi la mtu lilikuwa na neno juu ya mchele anaoupata. Katika hali hiyo, kuandikwa 'native' kulikuwa hasara ya sufuria. Mwaka 1957 serikali ilianza kugawa kitu kingine, nacho ni kura. Wapiga kura walikuwa wanaume tu, wenye umri na sifa zilizowekwa, na sharti kubwa lilikuwa kuwa raia wa Sultani. Ghafla uenyeji ukawa mali, na kila mali ina wezi wake na walinzi wake.

Lakini silaha yenyewe ilikuwa imekwisha kufuliwa, na waliotangulia kuifua kwa maandishi hawakuwa wale wanaolaumiwa zaidi. Mwaka 1934 serikali ilitoa dikrii ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wadai wao, ambao wengi walikuwa Wahindi. Miaka mitatu baadaye wafanyabiashara wa Kihindi waligomea biashara ya karafuu iliyokuwa imewekwa chini ya Chama cha Wakulima wa Karafuu. Katika mabishano hayo, Al-Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu lililoanzishwa 1929, liliwatetea wenye mashamba kwa hoja ya uenyeji: sisi na Waafrika ni watu wa nchi hii, Mhindi ni mpita njia aliyekuja kuchuma. Hoja ilikuwa tamu kwa waliokuwa na madeni. Hawakuona kwamba neno linalomfukuza jirani halina mwenyewe, na kwamba mwingine ataliokota.

Aliyeliokota ni Afrika Kwetu, gazeti la Mtoro Rehani lililotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuwa sauti ya Jumuiya ya Waafrika. Jina lenyewe ni hoja. 'Kwetu' kwa kawaida ni mahali padogo: kijiji, mtaa, mlango. Gazeti likalitanua hadi likawa bara zima. Kwa kipimo hicho, mtu wa Nyasa au wa Tabora yuko kwao akiwa Kikwajuni, na Mwarabu mwenye vizazi saba Unguja yuko safarini. Hapo maana ya pili ya 'native', ile ya damu, ilikuwa imehamia katika Kiswahili ikiwa kamili.

Mwongozi lilijibu kwa maana ya kwanza. Lilisema Zanzibar ni taifa la watu wa rangi mbalimbali, linalounganishwa na Uislamu, lugha na utiifu kwa Sultani. Na Hizbu, iliyozaliwa 1955 juu ya mizizi ya chama cha wakulima wa Kiembe Samaki, ilidai daftari moja la kura bila kutenganisha makabila. Tuseme kweli: hoja hiyo ilikuwa pana kuliko ile ya damu. Wenye fikra hizo walikuwa pia wamelipia msimamo wao, kwani mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walitiwa hatiani kwa uchochezi kutokana na makala za Al-Falaq za kuupinga ukoloni. Lakini upana huo uliishia Bandarini. Mtu wa bara, hata aliyekaa Unguja miaka 30, aliandikwa kuwa hatari, mfuasi wa ukubwa wa Tanganyika, mtu ambaye mahali pake pa kuzaliwa panamtoa nje. Pingamizi dhidi ya Karume lilikuwa matokeo ya kawaida ya uandishi huo. Kila gazeti lilishika nusu ya neno la Kiingereza, likamwita mwenzake mgeni, na hakuna lililosema kwamba siku ya tatu imekwisha kupita kwa wote.

> Kila gazeti lilishika nusu ya neno la Kiingereza, likamwita mwenzake mgeni.

Nani alisoma?

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la hesabu. Magazeti yale yalikuwa madogo, yenye kurasa chache, na watu wengi wa mashamba hawakujua kusoma. Yawezekanaje karatasi kubadili mawazo ya kisiwa? Anayeuliza hivyo anaisahau baraza. Gazeti la Unguja halikusomwa na mtu mmoja. Nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya kahawa, ikajibiwa, ikachambuliwa, ikarudiwa jioni na aliyeisikia asubuhi. Na kutojua kusoma kulizidisha nguvu ya neno. Msikilizaji hakuikumbuka hoja yote ya mhariri yenye 'lakini' na 'hata hivyo' zake. Alichoondoka nacho ni majina: wenyeji, wageni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema maneno ni moshi, moto ni ardhi: karafuu, madeni, na wenye mashamba waliowafukuza wakulima waliokuwa wakiishi na kulima chini ya mikarafuu yao baada ya uchaguzi wa 1957. Ni kweli kwamba bila dhuluma ya ardhi maneno yangepata wasikilizaji wachache. Lakini tazama waliouawa. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa matokeo yasiyotosha kuunda serikali: ASP, chama cha Karume, viti 10, Hizbu 9, na chama kidogo cha ZPPP 3. Uliporudiwa Juni mwaka huo, fujo zilizuka na watu 68 wakauawa, 65 kati yao wakiwa Waarabu. Wengi wa waliouawa hawakuwa mabwana wa mikarafuu. Walikuwa Wamanga wa vijijini, wenye viduka vya mafuta ya taa na chumvi, watu maskini waliokuja karibuni kutoka Oman. Kama ghadhabu ingekuwa ya ardhi peke yake, ingekwenda kwa mwenye ardhi. Ilikwenda kwa yule ambaye jina la mgeni lilimkaa kwa urahisi zaidi. Njaa haichagui mtu kwa namna hiyo. Aliyechagua ni neno.

Wapo pia wanaosema lawama yote ni ya Mwingereza. Mwingereza alileta neno, akaliweka katika sensa, dikrii na mgao, na deni hilo haliwezi kufutwa. Hata hivyo kuna jambo la kuudhi katika tarehe. Sensa ya 1958 iliacha kuwatenganisha Waarabu na Waafrika, ikawaweka katika kundi moja. Ofisi ya serikali ilikuwa inarudi nyuma wakati vyumba vya wahariri wetu vinazidi kwenda mbele. Kuwaondolea wahariri wale dhima ni kuwanyima akili waliyokuwa nayo, na walikuwa nayo nyingi.

Yaliyofuata yanajulikana. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Watu wengi waliuawa, na maelfu walisafirishwa kwenda Arabuni. Waliofika Oman, hasa baada ya 1970 Sultani Qaboos alipoifungua nchi, walikutana na jina jipya: Wazinjibari. Mtu aliyetolewa Unguja kwa kuwa ni Mwarabu akaitwa Muscat kwa jina la Zanzibar, kwa sababu alizungumza Kiswahili nyumbani. Magazeti yaliyobishana juu yake yalikuwa yamekwisha kufa.

Neno halikuzikwa

Lingekuwa suala la makumbusho kama neno lingekufa pamoja nayo. Mwaka 2003, wakati gazeti la Dira likisomwa kwa hamu katika kila pembe ya Mji Mkongwe, mhariri wake Ali Nabwa aliambiwa kwamba si raia wa Tanzania, na Novemba mwaka huo gazeti likafungiwa. Mtu aliyetumia maisha yake kuiandikia nchi alijibiwa kwa swali lile lile la 1957. Na kila uchaguzi unapokaribia, maneno huvaa nguo mpya: huyu chogo wa bara, yule Hizbu, huyu chotara, yule Mpemba wa juzi. Tarehe 12 Januari 2016 bango la kuwakashifu machotara lilipita uwanjani Amaan katika sherehe ya taifa, likalaaniwa, na kwa haki. Lakini aliyeliandika hakubuni kitu. Aliirithi sentensi iliyokuwa imechapwa zaidi ya nusu karne kabla yake.

Linalotia moyo ni kwamba sheria yetu imekuwa karibu na Kiswahili kuliko siasa yetu. Sheria ya Mzanzibari ya 1985 inamtambua raia aliyekuwa akiishi Zanzibar hadi tarehe 12 Januari 1964, na kitambulisho tunachobeba mfukoni kinamwita mtu Mzanzibari Mkaazi. Mkaazi ni aliyekaa. Utekelezaji wa kitambulisho hicho una malalamiko yake mengi, yanayostahili makala nyingine, lakini neno lenyewe ni sahihi: linauliza mtu anaishi wapi na amekaa muda gani, maswali ambayo mwenye mji wa zamani angeyaelewa.

Wahariri na watangazaji wa Zanzibar wana kazi hapa, na haihitaji fedha. Uraia wa mtu ukibishaniwa, uandikwe kwa vifungu vya sheria, na ushahidi wa pande zote mbili uwekwe wazi. Asili ya mtu itajwe pale tu inapohusu habari inayosimuliwa. Na neno mgeni tulirudishie siku zake mbili: apewe aliyeshuka botini jana na atakayepanda tena kesho, lisiandikwe kamwe juu ya mtu ambaye jembe lake limekwisha kulika kwa kulima hapa.